Maua ya rupia mia tano: Karachi hadi Lahore kwa treni

Mzee alichota chai kwa kijiko, akaifyonza kwa mlio ule wa waonjaji wote, akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye temeo. Mimi nikasubiri bei. Yeye akaanza kuimba chinichini, huku akigongagonga kijiko ukingoni mwa bakuli.

Mimi ni mtu wa chai, kutoka Mombasa. Pakistani ndiye mnunuzi mkubwa wa chai yetu, na siku wao wakisita, magunia hulala ghalani Shimanzi mpaka uone aibu kupita mlangoni. Kwa hiyo Januari nikaenda Karachi na sampuli zangu za BP1 na PF1, madaraja ya chai, nikajikuta Jodia Bazaar, kwenye vichochoro ambavyo hamali anakusukuma kwa gunia la pilipili huku akikuombea dua. Ofisi ya mzee iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la iliki. Nilidhani anaimba kaswida. Mjukuu wake akacheka: "Hiyo ni Ko Ko Korina, mjomba. Akifurahia chai huimba hiyo."

Basi nikajua bei itakuwa nzuri. Sikujua kwamba wimbo huo utanipeleka kilomita 1,200 kwenda kwenye kaburi la mtu nisiyemjua.

Mtu mwenyewe ni Waheed Murad, stelingi wa picha za Pakistani. Mwaka 1966 mzee alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, na siku moja alitoroka dukani kwa babake akaenda kutazama picha yake iitwayo Armaan, yenye wimbo ule, katika sinema ya Naz. Akarudi tena Ijumaa iliyofuata. Aliirudia mara kumi na moja, na mara mbili kati ya hizo alichapwa. Akaniinamishia kichwa, kipara tupu kinang'aa kama sinia, akapitisha kiganja kwenye paji la uso. "Hapa," akasema, "palikuwa na nywele. Nilizishusha hivi, kama zake. Karachi nzima tulizishusha hivi."

Jioni akanipandisha riksho tukaenda M.A. Jinnah Road. Palipokuwa Naz sasa ni jengo la maduka. Mzee alisimama ng'ambo ya barabara akinionyesha kwa fimbo mahali foleni ya tiketi ilipoanzia na ilipokatia kona, na watu wakampita bila kugeuka. Nishat nayo imekwisha. Sinema hiyo ilifunguliwa Desemba 1947, nchi haijatimiza hata miezi mitano, na aliyeifungua alikuwa Fatima Jinnah, dadake muasisi wa taifa. Septemba 2012 ikachomwa moto siku ya maandamano, pamoja na nyingine kadhaa za jirani. Hapo mzee hakutaka riksho isimame.

Ndipo akanipa noti ya rupia 500, ile ya kijani, imekunjwa mara nne. "Umesema utapanda treni kwenda Lahore kutembea. Miguu yangu haiwezi tena. Mnunulie maua, umsomee Fatiha, mwanangu. Mwambie…" Akafikiri. "Basi, soma Fatiha tu."

Treni iliondoka Karachi alasiri. Nilikuwa nimekata behewa la kulala, vitanda sita kwa chumba, vitatu huku na vitatu kule, na katikati meza ndogo ambayo kufumba na kufumbua ilijaa machungwa, chupa ya chai na mtoto mchanga. Familia ya Sahiwal ilikuwa ikirudi kutoka harusini. Bibi mwenye nyumba, maana chumba kile tayari kilikuwa nyumba yake, aliniuliza maswali yote ambayo Mpwani angemuuliza mgeni: nimeoa, nina watoto wangapi, mama yu hai. Kiurdu changu ni cha bei na mizani. Lakini maneno mengine hujileta yenyewe. Safar ni safari, khabar ni habari, dunia ni dunia. Nilipotaka kueleza ninakokwenda nikasema "qabar", akashika kifua akidhani nimefiwa. "Waheed Murad," nikasema. Akaachia kifua, akacheka hadi mtoto akaamka.

Tangu hapo sikulipia chungwa hata moja.

Tulivuka mto Indus pale Kotri jua likizama, maji mapana rangi ya chai iliyozidi maziwa, na baada ya Hyderabad giza likaingia. Binti wa familia ile, mwanafunzi, akanionyesha Ko Ko Korina kwenye simu. Lakini ile aliyoijua yeye ni ya 2018, iliyoimbwa upya kwa ala za kisasa na kushambuliwa na Wapakistani kana kwamba mtu amevunja mnara. Mamake akampokonya simu, akatafuta ile ya zamani, ya rangi nyeupe na nyeusi. Tukaangalia vichwa vimegusana.

Nami nikaona kilichomchapisha mzee bakora. Sauti si ya Waheed, ni ya Ahmed Rushdi, na muziki ni wa Sohail Rana. Lakini yule kijana anacheza mbele ya watu karamuni kana kwamba kila kifupa kimesikia ngoma yake peke yake. Mabega yanaimba. Nimezoea stelingi wa picha za zamani, kwa sababu marehemu baba alikuwa mgonjwa wa picha za Kihindi, na wengi wao wakifika kwenye wimbo husimama wima kama wanangoja basi, mkono mmoja juu ya mti. Huyu hakusimama. Wakambandika jina la stelingi wa chokoleti, na kwa Pakistani yote hakuna mwingine wa kuitwa hivyo.

Armaan niliimalizia kitandani juu, kwa simu yangu. Nitasema kweli, hadithi yenyewe ni ya machozi mengi: msichana maskini anabeba aibu ya ndugu yake, na wewe unatamani tu mtu mmoja afungue mdomo aseme ukweli watu walale. Aliyeiandika na kuitengeneza ni Waheed mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na saba. Nusu ya kazi ilifanywa na marafiki. Mwelekezi alikuwa Pervez Malik, mwenzake wa tangu utotoni aliyesomea filamu Marekani, mashairi yalikuwa ya Masroor Anwar, na muziki wa yule Rana. Vijana wa Karachi peke yao, wakipiga picha Karachi, wakati wakubwa wa filamu walikuwa Lahore. Ikawa picha ya kwanza ya Pakistani kutimiza yubile ya platinamu. Huko waliihesabu picha kwa wiki zake sinemani: 25 ni fedha, 50 ni dhahabu, 75 ni platinamu.

Wala hakuwa mtoto wa kuokotwa mtaani, kama stelingi wanavyopenda kusimuliwa. Babake, Nisar Murad, alikuwa msambazaji wa filamu, na Waheed ndiye mtoto wake pekee. Alisoma Fasihi ya Kiingereza hadi shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Karachi. Alianza kwa kutengeneza picha za wengine mwaka 1961, akaonekana mwenyewe katika Aulad mwaka uliofuata, na 1964 akawa stelingi wa Heera Aur Patthar akiwa na Zeba, yule yule msichana maskini wa Armaan.

Rohri tulifika karibu na saa sita usiku. Baridi ya kuuma masikio. Mwuzaji alipita dirishani akipiga kelele, "Chai, garam chai!" na mimi nikashuka na kandambili. Chai imepikwa na maziwa mpaka imekuwa nzito. Nikafyonza kwa mlio, mazoea, na watu wakageuka. Ni yetu. Sisemi shamba gani, lakini nguvu ile ya kushika ulimi hutoka milimani kwetu. Nikataka kumwambia mwuzaji, nikakosa maneno, nikanunua kikombe cha pili.

Asubuhi hatukuona Punjab. Ukungu wa Januari ulikuwa umelala juu ya mashamba kama blanketi la pamba, na treni ikawa inatambaa, inasimama, inapiga honi, inatambaa tena. Tulipaswa kuingia Lahore kabla ya adhuhuri. Saa sita hiyo bado tupo Khanewal, tunanunua halwa. Bibi akawa ananisimulia yaliyobaki ya Waheed, binti akitafsiri kwa Kiingereza huku akipunguza, nilihisi, sehemu tamu.

Mwaka 1966 huo huo Zeba aliolewa na Muhammad Ali, stelingi mwingine mwenye sauti kama ya imamu. Baada ya picha chache akawa haonekani sana na Waheed. Lile kundi la marafiki nalo likavunjika mwishoni mwa miaka ya sitini, kila mmoja akishika njia yake. Kazi ya filamu ikazidi kuhamia Lahore, naye akaifuata. Alipata picha nzuri huko, na Mastana Mahi ya Kipunjabi mwaka 1971 iliwashangaza waliodhani huyu ni wa Kiurdu cha chuo tu. Kwa jumla aliigiza zaidi ya picha 120. Lakini 1971 hiyo hiyo nchi ilikatika vipande viwili, upande wa mashariki ukawa Bangladesh, na soko la Dhaka likaenda nalo. Vijana wapya wakaja. Waheed akaanza kupewa nafasi ya pili, rafiki wa stelingi, ndugu wa stelingi. Halafu 1979 ikatoka Maula Jatt, Sultan Rahi na shoka lake, damu na matusi ya Kipunjabi, na watazamaji wakamsahau mtu wa kuimba akiinamisha nywele.

"Shoka," bibi akasema, akakata chungwa kwa kiganja. "Nani atamtaka chokoleti baada ya shoka?"

Miaka ya mwisho aliugua tumbo, akakonda sana. Mwaka 1983 akapata ajali ya gari iliyomwachia kovu usoni, uso ule. Alirudi Karachi, mji wake, na asubuhi ya tarehe 23 Novemba, katika nyumba ya rafiki wa familia, aligongewa mlango asiitike. Miaka 45. Mwili wake ukarudishwa Lahore. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mzee alinituma mbali hivyo, kwa miguu yake isiyoweza tena. Karachi ilimlea na ikamwona akifa, na hata kaburi lake haina.

Tuliingia Lahore jioni, saa saba nyuma ya ratiba. Bibi, aliposhuka Sahiwal njiani, alikuwa amenikabidhi machungwa manne na onyo kuhusu madereva wa riksho.

Kesho yake nilianzia Royal Park, karibu na Lakshmi Chowk, kwa sababu niliambiwa ndiko zilikokuwa ofisi za filamu. Nilikuta mashine za kuchapa kadi za harusi zikilia uani, na ukutani juu kabisa mabaki ya rangi ya tangazo la picha, shavu moja na sharubu nusu. Nikapiga chai, nikaondoka.

Makaburi yako mtaa wa Gulberg. Dereva wa riksho aliniuliza jina la barabara nikamwonyesha nilivyoandikiwa: Ali Zeb Road. Akaendesha kidogo, kisha akageuka nyuma na kuniuliza kama najua ni nani hao. Sikujua. Ali ni Muhammad Ali, akasema, na Zeb ni Zeba. Waliishi hapa.

Nikanyamaza mpaka tulipofika.

Nje ya lango palikuwa na mwuza maua. Nilimpa noti ya mzee bila kuikunjua, akanipimia petali za waridi kwenye mfuko wa nailoni, na pakiti ya udi. Mlinzi wa makaburi hakuhitaji maelezo, alisema "Waheed Sahib?" akatangulia. Amezikwa karibu na babake. Maandishi nilisoma mwenyewe, kwa kuwa madrasa ya Mombasa haikupotea bure. Na nilipolitamka jina polepole, herufi kwa herufi, nikasikia Kiswahili: Wahidi, Muradi. Mmoja pekee, na lile lililokusudiwa. Na Armaan, bibi wa treni aliniambia, maana yake ni hamu.

Nikamwaga maua, nikasoma Fatiha, nikamsomea na babake. Mwaka 2010 serikali ilimpa Sitara-i-Imtiaz, nishani ya heshima, miaka 27 baada ya kufa. Watu hukusanyika hapa kila Novemba. Siku ile ya Januari tulikuwa mimi, mlinzi na paka mwekundu aliyelala kwenye kaburi la jirani, penye jua.

Nikampigia mzee simu ya video. Alitokea sikio kwanza, halafu kipara, halafu macho. Nikamgeuzia simu pole pole, kaburi, maua, udi ukifuka, jina. Hakusema neno. Nilisikia hamali wakipiga kelele chini ya dirisha lake, na iliki nusura niinuse. Muda ukapita mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Maua kiasi gani hayo?" akauliza hatimaye.

Nikamwambia mfuko mmoja, pamoja na udi.

"Kwa mia tano zote?"

"Zote."

Akasogeza uso karibu na simu, akayakagua kama anavyokagua majani ya chai kwenye sinia. "Umepunjwa," akasema.