Mama wa vitenge
Wengi wenu hapa Kayole mnamjua mama mkwe wangu kama yule mama wa vitenge. Alikotoka hamkujui.

Oktoba 1996, vita vilipofika Uvira, Kongo, alivuka Ziwa Tanganyika kwa boti hadi Kigoma, mtoto wa kiume mgongoni na wa kike, ambaye leo ni mke wangu, kamshika nguo. Wakapokewa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huohuo. Baba mkwe alibaki nyuma. Hadi leo hakuna habari zake.

Baada ya miaka kadhaa wakaja Nairobi. Mama akawa anatembeza vitenge mlango kwa mlango, Kayole hadi Umoja, akiwaachia akina mama walipe mwisho wa mwezi. Madeni aliyaandika nyuma ya daftari la hesabu la mke wangu. Bado tunalo, kurasa zimejaa majina na alama za vema. Kuna mama mmoja wa Umoja hana vema, shilingi 300. (Dada, kama unasoma hapa, namba ya Mama haijabadilika.) Karo yote ilitoka humo.

Habari za vita hasimulii. Ukimchokoza anakupakulia sombe, yaani majani ya muhogo, tena ya kutwanga mwenyewe, na mawese yakikosekana hapiki.

Yule wa mgongoni anaoa Desemba. Mama keshachagua sare ya familia nzima bila kumuuliza mtu. Yangu ina tausi mkubwa kifuani. Wenye maoni wampelekee yeye, mimi bado naipenda ndoa yangu.