Eti mkulima

Yaani msiba umeisha, matanga tumeanua, hela ya turubai imelipwa na masufuria ya watu yamerudishwa, ila mimi bado nimekwama kwenye mstari mmoja tu wa wasifu wa bibi. "Katika uhai wake marehemu alijishughulisha na kilimo." Basi. Msomaji akavuta pumzi akahamia kwenye watoto, wajukuu, vitukuu, kuugua, na Bwana ametoa Bwana ametwaa.

Nyie wa siku zote hapa mnamjua bibi yangu wa Igombe. Shamba alikuwa nalo, sikatai, kale kamhogo ka nyuma ya nyumba na viazi vya kukatia michembe. Lakini mkulima??

Jioni ile tumetoka makaburini nikamfuata Mjomba maana ndiye aliyeandika, nikamkuta anahesabu viti vya kukodi. Nikamwambia Mjomba, mbona kazi ya bibi hamkuitaja. Akasema si tumeandika kilimo. Nikasema na kufuma je? Akacheka, wala si kwa ubaya, kile kicheko chake cha puani, akaniambia, "Sasa mama, mbele ya padri na wazee wote wale, tusimame tuseme marehemu kazi yake ilikuwa kufuma?" Halafu akaendelea, sabini na moja, sabini na mbili.

Tangu hapo namjibu. Namjibu nikiwa naoga, namjibu kwenye hiace, juzi nimemjibu katikati ya kipindi cha Form Two mpaka watoto wakaanza kutazamana. Siku nyingine najibu kwa adabu, Mjomba, ada yako ya sekondari unadhani ilitoka kwenye mhogo upi? Siku nyingine sina adabu kabisa, namwuliza yale makochi yake ya Buswelu yamefunikwa na nini. Ila ana kwa ana sikusema kitu, nikaokota vikombe. Aliyenunua jeneza habishiwi.

Na bibi hakuwa anafuma vile vya kupitisha jioni. Sindano yake ilikuwa spoku ya baiskeli, kaisugua mwenyewe kwenye jiwe (mawe Mwanza hatujawahi kukosa) mpaka ncha ikakaa kama kidole kinachoita mtu. Sweta za mitumba ananunua Mlango Mmoja, zile zilizochoka, anazifumua usiku anapata uzi wa rangi ambayo dukani huikuti. Vitambaa vya altare pale kigangoni vyote vyake, na hakuwahi kuchukua hata mia, anasema Mungu hapelekewi bei.

Halafu ile 2019, tarehe 1 mwezi wa sita, rambo, ile mifuko ya plastiki, zikapigwa marufuku. Watu wanalalamika dagaa wabebee wapi, bibi yeye anasema serikali imemkumbuka. Akawa anangoja mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa zao hazivuti kitu, wanakaa ufukweni wanashona nyavu. Bibi anapita kwa kila kikundi anaokota vipande na nyuzi zilizokatika, wale vijana wanamwita mama taka, naye anaitika. Anaenda kuloweka kwenye maji ya malimau kutoa ile harufu, anaanika juu ya jiwe, kisha anafuma mifuko. Mwisho wa uzi hafungi fundo, anasogeza kwenye kaa la moto, nailoni inayeyuka kidogo, anaibana kwa kucha, tsss, imeshika. Ile kucha ya dole gumba ilikuwa nyeusi miaka yote. Mwaloni pale Kirumba wamama wanaopakia dagaa walikuwa wanamsubiri. Eti mkulima.

Wiki yenyewe imekuwa na mambo mengi, mahari ya mdogo wangu imepokelewa, uhamisho wangu wa Sengerema umetoka kwa hiyo nitakuwa navuka lile daraja jipya la Busisi, nitaandika siku nyingine.

Sasa jana nafuta vumbi kile kishikwambi cha shule, si mnakumbuka vile vya sensa ya 2022 ambavyo baadaye tukagawiwa walimu, nikaikumbuka siku karani wa sensa alipofika Igombe. Nilikuwepo! Kijana wa watu kaamkia vizuri, kafika kwenye shughuli, bibi wewe unajishughulisha na nini? Bibi, na mfuko nusu uko mapajani, spoku iko mkononi, anamtazama usoni anasema, "Andika mkulima." Mimi kwa kiherehere changu nikadakia, bibi si unafuma? Akanikanyaga mguu. Karani alipoondoka ndo akanigeukia, "We mwalimu gani huna akili? Mkulima hana anayemfuata. Useme unauza mifuko, kesho anakuja mtu na mashine ya risiti."

Nimecheka peke yangu hadi jirani kagonga ukuta. Yaani mwongo ni bibi mwenyewe! Inawezekana hata Mjomba kaandika vile alivyowahi kuambiwa naye, maana bibi alikuwa ameshawaandaa wote. Kwa hiyo hasira yangu sijui sasa niielekeze wapi. Ila bado nabisha kidogo, sensa sawa, pale alikuwa anakwepa kodi, lakini kwenye jeneza kuna TRA gani?

Nimeiomba ile spoku. Mamdogo anasema aliiona kwenye kopo la chumvi, ataitafuta.

Halafu kuna huyu fundi wa choo. Kachukua advansi yote tangu Jumatatu, simu inaita haipokelewi, shimo liko wazi uani na mvua inanukia. Mtoto wa mpangaji mwenzangu ndo kwanza anajifunza kutembea. Nimefunika na bati na tofali juu, lakini usiku huu upepo wa ziwa siuamini kabisa.