Nilivyopata kibali cha kisima kirefu, na nilivyokitunza

Kuchimba kisima ni kazi ya mwenye mtambo. Kuruhusiwa kuvuta maji mwaka hadi mwaka ni kazi ya mwenye shamba, na hiyo ndiyo iliyonishughulisha.

Fomu ya kibali ilikuwa na maswali mengi, ila zito lilikuwa moja: unaomba mita za ujazo ngapi kwa siku? Wengi huandika uwezo wa pampu. Mimi nilianzia shambani: mahitaji ya kiangazi kikali, kisha saa ambazo pampu ingefanya kazi. Lita 2 kwa sekunde kwa saa 10 ni mita za ujazo 72. Nikaomba hizo, basi.

Ukafuata upimaji wa kisima. Mchimbaji alitaka kusukuma maji saa chache, aandike kwamba kisima ni kizuri, afungashe vyombo. Nikashikilia saa 24 bila kuzima pampu, na ikishazimwa tuendelee kupima maji yanavyopanda. Huko kupanda ndiko kunakosema mengi: yakirudi upesi pale yalipokuwa, mwamba unaleta maji ya kutosha, yakibaki chini, huenda wewe unakula akiba yake.

Muda wote huo mtu mwingine alikuwa akipima kisima cha jirani, na hakuna kilichonisaidia kuliko hicho. Ukivuta maji, kina kinashuka pande zote kukuzunguka, na kisima kifupi cha mwenzako kinaweza kukauka wakati chako kirefu hakijaonyesha dalili yoyote. Afisa aliyepitia ombi langu aliuliza habari za jirani kabla ya kuuliza zangu. Nilikuwa na namba mkononi, mazungumzo yakawa mafupi.

Kibali kilikuja na masharti: mita ya kuhesabu maji ifungwe kwenye bomba la kutokea kabla ya tawi lolote, kina cha maji kipimwe, taarifa ipelekwe. Kupima si kazi ngumu. Unateremsha kamba yenye alama za mita, ncha yake ikigusa maji inalia. Kinachotakiwa ni kupima pampu ikiwa imepumzika usiku kucha, la sivyo unapima uchovu wa kisima na si hali ya maji.

Mita nayo huchakaa, kwa hiyo nikawa nailinganisha na umeme. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa urefu wa mita 100 kunahitaji, kwa hesabu tupu ya fizikia, uniti 0.27, pampu yenyewe inaweza kula mara mbili ya hapo. Kuna wakati uniti zilianza kupanda ilhali maji yaliyosomwa ni yale yale. Ama kina kimeshuka, ama pampu imechoka. Kamba ikaamua: kina kilikuwa palepale. Fundi akaitwa kwa ajili ya pampu.

Wapo wanaosema udhibiti huu ni mbinu ya serikali kukusanya ada. Ada zipo, sikatai, lakini huwa nawatajia Tokyo. Viwanda vilivuta maji ya chini ya ardhi hadi ardhi ya sehemu za mashariki ya jiji ikazama zaidi ya mita 4. Sheria ya maji ya viwanda ikatungwa mwaka 1956, na uvutaji ulipobanwa zaidi miaka ya 1970, kuzama kukapungua sana. Maji yakapanda tena kiasi kwamba sehemu ya kituo cha treni cha Ueno iliyo chini ya ardhi ililazimika kuongezewa uzito wa chuma na kufungwa nanga isinyanyuliwe na maji. Yaani udhibiti ulifaulu mpaka ukaleta kazi mpya.

Kiangazi kimoja mamlaka ya maji ilitaka kupunguza viwango vya watu wote eneo letu kwa asilimia ileile. Nikapeleka daftari la vipimo na pendekezo: kigezo kiwe kina cha maji. Kikishuka kufikia alama tuliyokubaliana, saa za pampu zipungue, kikipanda, zirudi. Hawakulikubali kwa wote, na naona hapo walikosea, kwa sababu asilimia inambana sawasawa aliyepima na asiyepima. Hata hivyo, kibali changu kilipohuishwa, sharti hilo liliandikwa ndani yake.

Jirani sasa naye ana kamba yake, na tumepangiana zamu: yeye anavuta asubuhi, mimi jioni. Kabla ya yeyote kuwasha pampu, tunapima visima vyote viwili, na namba zinaandikwa katika madaftari yote mawili.