Titani chini ya betri

Mwaka 2013 magari mawili ya umeme ya Tesla Model S yaliungua nchini Marekani baada ya vyuma vilivyokuwa barabarani kutoboa sehemu ya chini na kuifikia betri, na mwezi Machi 2014 kampuni ikatangaza ngao ya tabaka tatu: bomba la alumini, bamba la metali iitwayo titani, kisha kipande kingine cha alumini. Kinachonivutia ni kwamba titani iliwekwa pale tu ilipohitajika. Uzito wake ni takriban asilimia 60 ya ule wa chuma chenye ujazo uleule, haipati kutu kwa urahisi, na aloi yake (mchanganyiko wake na metali nyingine) inayotumika zaidi, yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, ni imara sana. Lakini kuitenga na madini yake kwa klorini na magnesi ni kazi ndefu inayokula nishati nyingi, na kuichonga humaliza makali ya vifaa upesi. Sehemu kubwa ya madini hayo, ya aina iliyochimbwa Kwale nchini Kenya hadi mwishoni mwa 2024, huishia kwenye rangi nyeupe. Kwa gari la bei ya kawaida, bodi nzima ya titani naiona kuwa ni anasa. Alumini na chuma kigumu vinatosha.