Tununue kwa Wakimbizi, Tena kwa Bei ya Haki

Katika familia nyingi za Nairobi, kuwasaidia wakimbizi huanzia kabatini: nguo zilizowabana watoto na viatu vya mwaka juzi hufungwa pamoja na kupelekwa kanisani au msikitini. Siudharau moyo huo. Hata hivyo, naamini kwamba familia huwafaa wakimbizi zaidi inapokwenda kwao kununua vile vitu ambavyo ingenunua kwingine.

Wakimbizi wengi nchini wanaishi Dadaab, kambi iliyofunguliwa mwaka 1991 baada ya vita kuzuka Somalia, na Kakuma iliyoko Turkana, iliyoanzishwa mwaka 1992. Lakini wapo pia maelfu wanaojitafutia riziki hapa mjini, na tunapishana nao kila siku. Mama wa Kikongo anayepita nyumba kwa nyumba Kawangware na vitenge begani kwa kawaida hapati mgao wa chakula wanaoupata walio kambini, hivyo mauzo yake ya siku ndiyo chakula cha jioni. Tulipohitaji sare za arusi ya mdogo wangu, vitenge tulivichukua kwa mama kama huyo, na kazi ya kushona tukampa fundi wa hukohuko kwao. Alimpima mama yangu mabega mara mbili, kisha akaacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono ili gauni liweze kupanuliwa baadaye. Tulimlipa bei aliyoitaja. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wema wakimlalia muuzaji kwa kuwa tu wanajua ana shida, na hapo msaada wote huwa umeharibika.

Hapa Nairobi, shirika la RefuSHE huwafunza wasichana wakimbizi, na skafu wanazozitia rangi kwa mikono huuzwa. Ndugu walio ughaibuni wanaweza kununua kwa intaneti kupitia MADE51, mpango wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, unaowatafutia soko mafundi wakimbizi wa nchi mbalimbali. Nambari 51 katika jina hilo inatokana na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951.

Kwa upande wa kutoa, fedha huzidi vitu. Kule Kakuma, kupitia Bamba Chakula, mpango ulioanzishwa mwaka 2015 na WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, familia zilitumiwa thamani ya chakula kwa simu, zikajichagulia bidhaa kwa wafanyabiashara ambao baadhi yao ni wakimbizi wenyewe, na hivyo msaada mmoja ukawalisha wawili. Familia za Kiislamu nazo zina mfuko wa zaka kwa wakimbizi, uliozinduliwa na UNHCR mwaka 2019.

Anayependelea kutoa vitu awaulize kwanza walimu au wazee wa jamii husika. Akiambiwa sodo, sabuni au madaftari, anaweza kuvinunua Eastleigh, katika duka la mkimbizi, kabla ya kuvipeleka.