Kishingo na maji ya pilipili

Agosti 1997 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wa Nakuru aliyepelekwa likizo kwa Kukhu, nyanya yangu, upande wa Malava huko Kakamega. Nilijiona mjanja kwa sababu kwetu mjini tulikuwa na televisheni. Kuku nilikuwa nawajua wakiwa kwenye sahani tu.

Wiki ya pili Kukhu alipata habari ya matanga Butere. Kabla ya kuondoka alinionyesha chungu kilichokuwa nyuma ya mlango, mayai kumi na moja yamezikwa kwenye pumba, ncha chini. "Kuna mmoja atalala siku hizi," akasema, yaani ataanza kuatamia. "Ukiona amelala, mwekee mayai. Narudi keshokutwa." Hakusema ni yupi, na mimi sikuuliza. Nilidhani kujua kuku aliyelala ni kumwona amelala, basi.

Saa sita mchana, ndiye huyo! Yule mweusi alikuwa kwenye kikapu kibovu jikoni, ametulia kama mama mchungaji kanisani. Nikamletea mayai moja moja. Moja nililitikisa kwanza karibu na sikio, nisikie kama kuna mtu ndani. Mweusi hakunidonoa, ila alisimama, akanitazama kwa jicho moja, akasogea kando. Nilipotoka, haikupita nusu saa nikamsikia uani akitangaza kwa sauti yote, "kot-kot-kot-kodaa!", kumbe alikuwa ameingia kutaga tu. Jioni alikuwa amepanda juu kwenye miti ya dari pamoja na wenzake, na kikapuni mayai yalikuwa kumi na mawili, baridi kama mawe ya mtoni. Nikayarudisha kwenye chungu na kukaa kimya.

Kesho yake nikakutana na ugonjwa. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, alitoka chini ya ghala la mahindi akiwa amejitunisha mpaka akawa mara mbili yake, upanga wake wa kichwani umepauka, akilia "kwok, kwok, kwok" bila kupumzika. Alikula mbiombio kama mtu anayewahi matatu. Kisha akaachia kinyesi kimoja kikubwa kama ngumi ya mtoto, harufu yake siwezi kuieleza hapa. Jogoo alipomkaribia alirukiwa. Manyoya ya kifuani yalikuwa yametoka mabakamabaka. Nilikuwa nimesikia watu wakizungumzia kideri, namna kinavyomaliza boma zima kwa siku chache, na moyo ukanidunda. Nikaponda pilipili, nikachanganya na maji na majivu kidogo, nikamshika Kishingo (alinitoboa kidole) na kumnywesha vijiko viwili. Halafu nikamfunika kwa tenga uani, mbali na wenzake, nikaweka jiwe juu. Usiku kucha nilimsikia akilalamika.

Kukhu aliporudi magharibi, leso bado mabegani, nilimpokea na taarifa kama daktari: mgonjwa ni mmoja, ametengwa, dawa amepewa. Alimtazama Kishingo kupitia matundu ya tenga. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mfungulie uone anakoenda," akasema.

Nikatoa jiwe. Kishingo hakwenda kwenye maji wala kwenye mahindi niliyomwagia. Alikimbia moja kwa moja chini ya ghala, na tulipoinama na koroboi tukamkuta amekalia gunzi la mahindi. Gunzi moja, kavu. Amelifunika kwa mabawa kama hazina.

Kukhu akaniambia niingize mkono. Kuku aliunguruma, ndiyo, kuku huunguruma, akanipiga mdomo mara tatu, lakini hakuinuka. Chini yake ngozi ilikuwa wazi na joto lake lilinishtua, kama kugusa sufuria ya chai. "Anayetaga tu, usiku analala juu na wenzake," Kukhu akasema. "Anayetaka kulalia, giza linamkuta kwa kiota. Mchana wote wanakudanganya." Alikuwa na bahati, akaongeza, kwamba nilimfungia usiku mmoja tu; kuku akizuiwa siku tatu nne mahali penye upepo na pasipo nyasi hupoa, akaanza kutaga upya.

Nikakiri habari za Mweusi. Sikuchapwa. Mayai yale hayakuwa yamekaliwa vya kutosha kuanza chochote, kwa hivyo yangengoja. Akatandika nyasi juu ya majivu, kinga ya utitiri, akavuta lile gunzi polepole na kuanza kupitisha mayai gizani, kumi tu, maana Kishingo ni mdogo wa mwili. Kila yai lilipogusa kifua, yeye mwenyewe alilivuta ndani kwa mdomo.

Cha ajabu ni kwamba Kukhu, aliyewajua kuku hivyo, hakuwahi kuonja nyama yao. Wanawake wa rika lake walikatazwa, na hata katazo lilipolegea hakujisumbua kuanza.

Mimi nilirudi Nakuru kabla ya siku ishirini na moja kutimia. Desemba nilimkuta Kukhu uani na vijana tisa wenye miguu mirefu, na kabla sijaweka begi chini akaniuliza:

"Lile la kumi lilitoka viza. Ulilitikisa?"