Wimbo Walioutaka Waliotuonea

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Zaburi 137, nami naomba tuisome aya zote tisa, kwa maana mara nyingi huishia ya sita. Katika aya ya tatu mateka wa Yuda wanakumbuka kwamba “waliotuonea walitaka furaha, Tuimbieni baadhi ya nyimbo za Sayuni.” Kwa miaka mingi, nikiwa mwanakwaya, niliisoma aya hiyo kama dhihaka ndogo ya askari wavivu, hadi nilipoyafahamu maisha ya Fritz Löhner-Beda, Myahudi wa Vienna, mji mkuu wa Austria, aliyeombwa wimbo na watesi wake kama ilivyoandikwa.

Alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Wildenschwert huko Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, akakulia Vienna, akasomea sheria hadi kupata udaktari, kisha akaiacha akaishi kwa kalamu. Beda ni kifupi cha Bedřich, yaani Friedrich kwa Kicheki, na kwa jina hilo aliandikia magazeti na majukwaa mashairi ya kejeli. Mwaka 1908 alitoa kitabu cha mashairi kilichowasuta Wayahudi wenzake waliobatizwa, au waliokuwa mbioni kubatizwa, ili wakubalike katika jamii. Suto hilo linatugusa sisi Wakristo, na ni haki lituguse: katika jiji ambalo ubatizo ulikuwa njia ya kupata cheo na heshima, maji yale yaligeuzwa kuwa ada ya kiingilio, na aliyeona aibu hiyo akaisema wazi hakuwa mtu wa kanisa.

Umaarufu wake mkubwa ulitokana na opereta, yaani michezo ya jukwaani yenye nyimbo, mazungumzo na densi, iliyopendwa sana Vienna na Berlin. Kazi ya mtunzi wa maneno katika sanaa hiyo ni ya unyenyekevu, kwani mara nyingi humlazimu kupachika silabi katika tuni iliyokwisha kutungwa, na watu wakitoka ukumbini hulitaja jina la mwanamuziki na la mwimbaji. Akishirikiana na Ludwig Herzer, Beda alimwandikia mtunzi wa muziki Franz Lehár maneno ya Das Land des Lächelns, iliyooneshwa Berlin mwaka 1929, na kutoka humo mwimbaji Richard Tauber alieneza kila mahali wimbo wa mpenzi anayesema kwamba moyo wake wote ni wa mwenzake. Mwaka 1934 opereta yao nyingine, Giuditta, ambayo Beda aliiandika pamoja na Paul Knepler, ilianza kuoneshwa katika jumba kuu la opera la Vienna.

Miaka minne baadaye Ujerumani ya Hitler iliitwaa Austria. Beda alikamatwa Machi 1938, na tarehe 1 Aprili akapelekwa kambi ya mateso ya Dachau pamoja na watu wengine mashuhuri wa Vienna, kisha Septemba akahamishiwa kambi nyingine kama hiyo, Buchenwald. Muziki wa Lehár uliendelea kupigwa katika kumbi za Ujerumani, ila majina ya Wayahudi walioandika maneno yake yaliondolewa.

Mwishoni mwa mwaka huo ofisa wa kambi, Arthur Rödl, alitangaza kwamba kambi nyingine zina wimbo wao na Buchenwald nayo lazima iwe na wake, akaahidi marki 10 kwa atakayeutunga. Beda aliandika maneno, na mfungwa mwenzake wa Vienna, Hermann Leopoldi, akatunga tuni. Kwa kuwa wote wawili walikuwa Wayahudi, wimbo uliwasilishwa kwa jina la mfungwa mwingine aliyekuwa na cheo kambini. Maelfu ya wafungwa waliamriwa kujifunza na kuuimba wakiwa wamesimama katika baridi kali baada ya kutwa nzima ya kazi, na tusidhani kwamba jambo hilo lilikuwa faraja tu, kwa maana kuimbishwa kwa amri kulikuwa sehemu ya mateso yenyewe. Hata hivyo ndani ya kiitikio Beda alitia maneno yasemayo kwamba, lolote litakalotupata, tutayaambia maisha “ndiyo”, kwa kuwa iko siku tutakuwa huru. Rödl aliupenda wimbo huo na kuagiza uimbwe, pasipo kutambua kwamba aliamuru wafungwa watangaze mbele yake mwisho wa utawala wake.

Mateka wa Babeli walitundika vinubi vyao mitini, wakauliza, “Tuimbeje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni?” Beda hakutundika chake. Sioni kwamba mmoja alikuwa na imani kuliko mwingine, kwa sababu kukataa kwa wale na kutunga kwa huyu kulilinda kitu kilekile, yaani sauti ambayo mtesi alidhani ameimiliki.

Oktoba 1942 alipelekwa Auschwitz, kwenye kambi yake ya kazi ya Monowitz. Kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa baadaye katika kesi za uhalifu wa kivita huko Nuremberg, wakurugenzi wa I.G. Farben, kampuni ya kemikali ya Ujerumani iliyowatumikisha wafungwa hao, waliokuwa wakikagua kazi walilalamika kwamba mzee huyo hajitumi, naye akapigwa hadi kufa. Ilikuwa tarehe 4 Desemba, naye alikuwa na umri wa miaka 59. Mwaka uohuo mkewe na mabinti zake wawili walichukuliwa Vienna wakapelekwa Maly Trostinec, karibu na Minsk, wakauawa huko.

Ndiyo sababu naomba tusiishie aya ya sita. Katika mbili za mwisho mwimbaji anatamani watoto wachanga wa Babeli wapondwe mwambani, na tumezoea kuziruka kwa aibu. Siwezi kuzifanya kuwa sala yangu, lakini tangu nilipojua habari za mabinti wale siwezi tena kumwambia aliyefiwa namna hiyo anyamaze mbele za Mungu, ambaye kwake aliyapeleka maneno hayo badala ya kushika upanga. Tutakapokutana Jumatano, msomaji atue kidogo kabla ya aya ya nane, nasi tuwataje kwa sauti: Fritz, Helene, Liselotte, Evamaria, kisha aendelee kusoma hadi mwisho.